Kitufe cha Rambirambi

Kama kuna kazi duniani isiyotaka kucheleweshwa, basi ni ya kumzika mtu, na Ruqiya na wenzake walikuwa wameichelewesha kwa miezi minane. Si kuzika kwenyewe, la. Walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwatangazia watu misiba. Chama cha mazishi cha msikiti wao, chenye wanachama kutoka mtaa wa Mbotela hadi wa Fedha, kiliwapa kazi hiyo kwa furaha, nao wakajifungia katika chumba chao cha ghorofani pale Tassia wakawa wanaandika mipango. Mpango ukazaa mpango. Kila Mzee Sharmarke, katibu wa chama, alipouliza kazi imefika wapi, aliambiwa inaiva. Mwisho akachoka.

"Chakula gani hiki kinachopikwa miezi minane na hakinukii?" akauliza, na swali lile likamchoma Ruqiya kwelikweli.

Ruqiya ndiye aliyekuwa kiongozi pale, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye ulimi mwepesi na subira fupi. Alikuwa amesikia habari za mtindo wa kazi ambao watu wa kompyuta huuita ajaili, akausoma, akauelewa kwa njia yake. Usipike chungu kizima kwa siri. Pakua kidogo, mteja aonje, aseme chumvi imezidi, urudi jikoni. Kila baada ya wiki mbili lazima kitoke kitu kinachofanya kazi. Na kila asubuhi timu ikutane wima, bila viti, kwa sababu kiti ndicho mama wa hotuba. Kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Basi.

Timu yenyewe ilikuwa ya watu wanne tu. Maina ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, na alikuwa na tabia ya kucheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Owuor alishughulikia mitambo ya kutuma ujumbe. Alikuwa mrefu mno, na ule mkutano wa kusimama aliuhudhuria ameegemea ukuta. Wa nne alikuwa Fowsiya. Kazi yake ilikuwa kukijaribu kila kilichotengenezwa, akibonyeze, akivuruge, akitukane ikibidi, na hakuna kilichotoka mle chumbani kabla yeye hajasema, "Iko sawa." Alikuwa rafiki ya Ruqiya tangu shuleni. Aliishi Mbotela na baba yake, Mzee Bile, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya waumini wa ule msikiti. Mama yake alikufa zamani, na hakuwa na kaka wala dada.

Ajabu ni kwamba mtindo mpya ulifanya kazi. Katika mzunguko wa kwanza wa wiki mbili walipata ujumbe unaofika. Katika wa pili, ujumbe ulimwonyesha mtu nyumba ya msiba na saa ya swala. Mzee Sharmarke alikuja kila mwisho wa mzunguko, akakalia kiti cha pekee chenye mto, akaishika simu mbali na macho yake na kutoa amri kama mtu anayechagua viazi sokoni. Kwa mara ya kwanza alikuwa anafurahi.

Na alikuwa na sababu. Zamani mtu akifa, ni yeye Sharmarke aliyewapigia watu simu, mmoja baada ya mwingine, akipiga kelele kutoka ndani ya duka lake la jumla la sukari na chai. Wewe lete gari. Wewe nenda kwa chifu ukachukue kibali. Wewe njoo uoshe. Aliichukia kazi ile. Baada ya hapo watu walimpigia yeye kutoa pole, mpaka sikio likawaka moto.

"Wekeni mahali mtu abonyeze mara moja," akawaambia katika mzunguko wa tatu. "Asome habari, abonyeze, rambirambi ziende moja kwa moja kwa wafiwa. Mimi mniache niuze sukari."

Ombi dogo hilo! Maina alilimaliza upesi. Kikatokea kitufe cha kijani chini ya ujumbe, ukikigusa kinaandika Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un pamoja na jina lako, wafiwa wanapata, na wanachama wote wanaona orodha ya majina. Fowsiya akakijaribu kwa njia zote, akasema, "Iko sawa." Mzee Sharmarke akapiga makofi. Akatangaza kwamba tangu siku ile amestaafu kupiga simu, na Ruqiya ndiye aliyemhimiza. "Adeer," akamwambia, kwa lile jina ambalo Wasomali humwitia mwanamume wa rika la baba, "ukiendelea kupiga simu hatutajua kama programu inatosha. Iache ifanye kazi peke yake." Wakakubaliana wote kwamba kazi itahesabika imekamilika pale ujumbe utakapofika, ukasomwa, ukajibiwa. Hakuna aliyeuliza kama kuna sharti la nne.

Jumanne moja, kabla hata ya ule mkutano wa kusimama, simu ya Ruqiya ikalia. Alikuwa Fowsiya, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Abaayo," akasema, yaani dada yangu, "Aabo ametutoka. Aliswali alfajiri, akarudi kulala. Nikampelekea chai. Hakuamka."

Jana yake tu Ruqiya alimwona Mzee Bile, huyo Aabo wa Fowsiya, akicheka. Akasema yale maneno ambayo Mwislamu husema, kisha akasema jina la Fowsiya mara kadhaa.

"Tuma ujumbe," Fowsiya akasema. "Kwa ile app yetu."

"Tulisema tutaizindua wiki ijayo, ingawa wanachama wameshasajiliwa. Ngoja nimwambie Adeer Sharmarke apige simu, kama zamani."

"Nimeijaribu mimi mwenyewe, Ruqiya. Iko sawa. Wacha Aabo awe wa kwanza."

Nani angemkatalia? Mzee Sharmarke alilia kwenye simu kama mtoto, maana alijuana na Bile tangu ujana wao, kisha akasafisha koo na kusema, "Alhamdulillahi, angalau leo kila mtu atajua kwa mara moja." Owuor akautuma ujumbe. Mzee Bile amefariki, ataoshwa nyumbani kwake Mbotela asubuhi hii, ataswaliwa baada ya adhuhuri. Ruqiya akajitanda mtandio mweusi akaondoka.

Njiani alikuwa akiwaza jinsi ya kupenya. Misiba ya watu wao anaijua: wanaume wamejaa nje mpaka mlangoni, viatu vimelundikana, magari yamefunga njia, wanawake ndani hakuna pa kuweka mguu. Alipofika kwenye kichochoro cha zile nyumba kongwe za kanjo, yaani za baraza la jiji, akasimama ghafla. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Paka alikuwa amelala juani. Hapakuwa na mtu.

Akadhani amekosea kichochoro. Akarudi nyuma akaangalia. Hakuwa amekosea.

Mlangoni kwa Mzee Bile palikuwa na viti vya plastiki vimepangwa vizuri, na waliovipanga walikuwa Mbuthia, seremala wa nyumba ya pili, na mkewe Mirriam. Hawa ni Wakristo, watu wa Murang'a, na hawakuwa wanachama wa chochote cha msikiti. Mirriam alikuwa ameshateka maji na kuyabandika motoni.

"Tulimsikia msichana akilia kwa ukuta," akasema kwa sauti ya chini. "Pole sana, mama. Watu wenu wanafika saa ngapi?"

"Bado hawajafika?"

"Ni huyu mmoja tu."

Huyu mmoja alikuwa Mahad, mwosha maiti wa msikiti, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, sanda na kafuri magotini mwake. Alimtazama Ruqiya kama mtu aliyefanyiwa mzaha mbaya. "Maiti haioshwi na mtu mmoja," akasema. "Nangoja wanaume. Wako wapi?"

Jambo la kwanza lililomjia Ruqiya ni kwamba programu imekwama, na Mungu amsamehe, aliombea iwe imekwama. Akampigia Maina.

"Manze Ruqiya, imeweza!" Maina akapaza sauti kabla hajaulizwa. "Wote wamepata. Karibu wote wamesoma. Rambirambi ni mia nne na ushei, na bado zinaingia. Hakuna kitu imekwama hata moja. Aki mwambie Fowsiya pole, lakini buda yake amesindikizwa vizuri."

"Maina, huku hakuna mtu."

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu. Njia iko tupu. Maiti iko ndani haina wa kuiosha."

Ruqiya akamsikia Maina akibonyeza-bonyeza kompyuta, kisha akisema taratibu, kama anayejisemea, "Zii. Haiwezekani. Si wamejibu?"

Ruqiya akaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa muuza vitambaa mmoja, mtu mwema, ambaye Mzee Bile alimshonea mpaka kanzu ya harusi. "Nimeona, nimeona," yule bwana akasema kwa huzuni ya kweli. "Nimejibu palepale. Mungu amrehemu. Huko kumejaa, sivyo?" Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu alisema aliona majina ya waliotoa rambirambi yanapanda kama maji, akajua watu wametosha, akaona asiongeze msongamano. Wa nne akauliza kama chakula cha wageni kimepatikana. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Hilo ndilo lililomtisha zaidi Ruqiya, kwamba kila aliyempigia alikuwa na majonzi, na kila mmoja alikuwa kazini kwake.

Akampigia dereva wa gari la jeneza.

"Dada, mimi nimebonyeza tangu asubuhi," akasema yule dereva.

"Umebonyeza! Na gari?"

"Gari liko hapa. Si nilidhani mmepata lingine? Hakuna mtu amenipigia."

Ruqiya akaitazama simu yake kana kwamba imemuuma. Kisha akampigia Mzee Sharmarke, na huyo akapokea huku nyuma yake mtu akihesabu magunia.

"Adeer, kibali cha mazishi kimechukuliwa?"

"Si wale waliofika wameshakwenda kwa chifu?"

"Nani amefika? Wewe uko wapi?"

"Dukani, mama. Nimelia, nimejibu, nikasema nitawakuta msikitini adhuhuri. Nilijua huko kumejaa."

"Adeer Sharmarke," Ruqiya akasema, "hapa pana Mahad na jirani Mkikuyu. Hakuna mwingine."

Yule aliyekuwa akihesabu magunia akaacha kuhesabu, bila shaka aliuona uso wa mzee. Kisha simu ikakatika.

Sasa ieleweke. Kumzika Mwislamu ni faradhi kifaya: wakiifanya wachache, wengine wamefutiwa deni, wasipoifanya kabisa, dhambi ni ya mji mzima. Hilo kila mtu pale analijua tangu madrasa. Na zamani aliyesikia habari alikuwa amesikia na amri ya Sharmarke juu yake, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Leo kila mtu alikuwa ameona majina mia nne ya wenzake. Atajihesabuje yeye kuwa ndiye anayengojwa? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jumanne ile vidole mia nne, kila kimoja kwake, havikuweza kuinua jeneza moja la fundi cherehani aliyekonda.

Ndani, Fowsiya alikuwa ameketi chini kando ya kitanda alicholalia baba yake, aliyefunikwa shuka jeupe. Hakuwa akilia. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya cherehani, nayo ilikuwa inatetemeka bila kukoma, rambirambi ikiingia juu ya rambirambi, mpaka ikawa inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni. Hakuna aliyeizima.

"Wamefika?" akauliza.

"Wako njiani," Ruqiya akasema.

"Nimechungulia dirishani, abaayo. Usinidanganye." Akaielekezea simu kidevu. "Mia nne wanasema pole. Wako wapi?"

Ruqiya akaketi kando yake.

"Kila mtu aliyezikwa na chama hiki, Aabo alikwenda. Mvua, jua, alifunga cherehani akaenda. Wengine hata hakuwajua. Alikuwa anasema hakuna mtu wa kuzikwa na wachache." Akamgeukia baba yake. "Alimkosea nani? Niambie. Mimi ni mtoto wake, nitamwombea msamaha. Alimkosea nani hivi?"

Hapo Ruqiya alishikwa na hofu kubwa kuliko ile ya kichochoro kitupu. Aliona kwamba mtu huyu ataondoka mle chumbani na neno moja la kubeba maisha yake yote, na neno lenyewe liko mkononi mwake yeye. Akinyamaza, Fowsiya ataamini baba yake hakupendwa. Akisema, Fowsiya atajua ni nini kilichouacha mlango wa baba yake mtupu, na nani aliyekipitisha. Mungu wangu, akawaza, hii ndiyo hiari gani?

"Hakumkosea mtu," akasema. "Nimewapigia. Wanalia huko waliko. Ni kile kitufe, Fowsiya. Mtu akikibonyeza anaona ameshafika. Kila mmoja anadhani wenzake wako hapa."

Fowsiya akaigeukia simu juu ya meza, kama anayesoma kitu asichokiamini.

"Nilikijaribu mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema kiko sawa."

"Na mimi ndiye niliyemkataza Adeer kupiga simu. Mimi ndiye kiongozi. Nilaumu mimi, usijilaumu."

"Nyamaza, Ruqiya."

Alilisema bila hasira, na afadhali angelisema kwa hasira. Ruqiya akatoka nje. Akasimama juani kitambo, hajui aende wapi, kisha aibu ikamsukuma. Akawapigia Maina na Owuor: "Acheni hizo kompyuta, njooni Mbotela. Mje na mabega." Akatoka mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye maduka ya kando ya Jogoo Road, mwanamke mwenye mtandio mweusi na macho mekundu, akawa anaingia mlango mmoja baada ya mwingine akinyoosha kidole. "Wewe. Funga. Njoo umwoshe Bile. Na wewe, lete pikipiki yako, umfuate dereva wa jeneza." Hakuna aliyebisha. Walitazama kile kidole, wakatazama simu zao kaunta, nyuso zikawashuka, wakafunga. Mmoja alimwacha mteja na nguo iliyopimwa nusu.

Adhuhuri ikapita na maiti bado nyumbani, jambo ambalo wazee wa Mbotela hawakumbuki kuliona. Mzee Sharmarke alifika na kibali mkononi, mguu mmoja amevaa kiatu, mwingine kandambili ya dukani, akihema. Hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja akakunja mikono ya kanzu, akamsaidia Mahad kumwosha rafiki yake pamoja na wale waliokokotwa kutoka madukani. Jeneza lilipotoka, mbele alikuwa Mbuthia na Owuor, na kwa ajili ya urefu wa Owuor likaenda limeinama upande mmoja mpaka barabarani. Maina alibeba nyuma, analia waziwazi, akiuliza kila hatua kama anashika vizuri. Wakamswalia alasiri. Waliokuwa msikitini walipoliona jeneza walitoka nalo, wengine vichwa chini, na Mzee Bile akazikwa kabla ya jua kuzama, na watu wa kutosha lakini si watu wake wote. Ruqiya aliyasikia hayo kutoka kwa Mbuthia, maana wanawake walibaki nyumbani. Usiku ule watu walimiminika kutoa pole kwa miguu yao, mpaka viti vya Mbuthia havikutosha. Fowsiya aliwapokea kwa heshima na hakumwuliza mtu yeyote alikuwa wapi asubuhi.

Fowsiya alirudi kazini siku ya mwisho wa mzunguko, siku ambayo timu huketi na mteja kuzungumza yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika. Alikaa kando ya Ruqiya. Maina alimletea chai bila kuulizwa, Owuor akamwambia "Niaje, Fowsi" kwa sauti ya mtu anayekanyaga vioo. Mzee Sharmarke alikalia kiti chake chenye mto, lakini ukingoni tu.

"Adeer," Ruqiya akaanza, "tunajua sote kilichotokea. Tunakiondoa kile kitufe. Maina ameshatengeneza kingine: mtu achague, naosha, nabeba, naleta gari. Asipochagua kazi, hakuna cha kubonyeza. Kinatoka leo jioni."

Mzee akakohoa. Akaitazama miguu yake.

"Kuna jambo," akasema. "Halmashauri ya chama imekutana. Wanachama wameulizwa. Wameipenda mno hiyo programu."

"Wameipenda?"

"Hasa kitufe. Wanasema sasa mtu anaweza kushiriki msiba hata akiwa kazini. Wanaomba kisiguswe."

Owuor akainuka kutoka ukutani.

"Mzee, nakuheshimu," akasema, "lakini hao wasee hawakukuja."

"Wamesikitika sana. Wameapa mara nyingine watakuja." Sharmarke alisema hivyo kwa aibu, akimkwepa Fowsiya. "Mimi ni mdomo wao tu, wanangu. Si nyinyi mlisema mteja ndiye anayesema anachotaka?"

"Tulisema," Ruqiya akajibu, sasa damu ikimchemka, "lakini mteja wetu ni nani? Anayebonyeza au anayezikwa? Maana huyu wa pili hakuulizwa! Adeer, mimi sitakaa hapa nione mtu mwingine..."

Simu zikatetemeka kwa ujumbe kutoka kwa halmashauri. Zote, mezani na mifukoni, kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa wote mle chumbani walikuwa wamesajiliwa tangu siku za majaribio. Ruqiya akaitazama yake. Bi Kawsar wa Fedha, mjane, amefariki. Anaoshwa nyumbani kwake, ataswaliwa adhuhuri. Alimjua vizuri Bi Kawsar. Ndiye aliyemfundisha Kurani udogoni, na kumpiga kwa kobazi, na kumpa kaimati akilia. "Inna lillahi," akanong'ona, na huzuni iliyompata ilikuwa ya kweli kabisa. Akailaza simu juu ya meza, akapangusa macho, akamgeukia Maina.

"Tuendelee. Tulikuwa tumefika wapi?"

Maina alikuwa anaitazama simu yake mwenyewe. Owuor naye. Mzee Sharmarke alikuwa anaisukuma yake polepole ndani ya mfuko wa kanzu, kama mwizi.

"Umebonyeza," Fowsiya akasema kando ya Ruqiya.

"Nimebonyeza nini?"

"Nimekuona. Umebonyeza, Ruqiya."

Ruqiya akaigeuza simu yake. Chini ya jina la Bi Kawsar, palipokuwa na kitufe cha kijani, palikuwa na maandishi ya Maina: Rambirambi zako zimefika. Ruqiya akakitazama kidole gumba chake. Alijaribu kukumbuka lini kilikwenda pale, akajaribu kwa nguvu zake zote, na hakukumbuka. Hakukuwa na dakika ambayo aliamua. Alisoma, akahuzunika, akamaliza.

Fowsiya alikuwa ameshasimama, anajifunga mtandio.

"Ana binti mmoja tu," akasema, "na wanawake wa kumwosha wanatakiwa sasa hivi. Fedha si mbali." Hakumtazama mtu, na hakuuliza nani anakuja. Wakazisikia hatua zake zikishuka ngazi, kisha zikapotea katika kelele za nje. Jina la kwanza kati ya waliotoa rambirambi lilikuwa la Ruqiya, na chini yake majina mengine yalikuwa yanaongezeka. Fowsiya alikuwa ameshavuka barabara, peke yake, na Ruqiya alikuwa bado ameketi.